Kilo ya Tairi na Kilo ya Mzigo

Kata ya Kilakala, mjini Morogoro, iko mahali ambapo tambarare ya mji inakoma na miguu ya milima ya Uluguru inaanza. Barabara zake nyingine huinuka kidogo kidogo, kiasi kwamba mwenye gari hatambui, ila mwendesha baiskeli hutambua kwa mapaja yake. Mahali kama hapo ubishi juu ya magurudumu hauishi. Penye kijiwe cha bodaboda hakosekani mtu wa kusema kwamba tairi zito ndilo tairi la mbio, kwa kuwa likishashika mzunguko hujivuta lenyewe. Wala hakosekani wa kumjibu kwamba kilo ni kilo, iwe imefungwa kwenye keria au imo ndani ya mpira wa gurudumu, na injini hulipa sawa kwa zote mbili.

Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja amekosea. Kukosea katika maongezi ya kijiweni si aibu. Linalosikitisha ni kwamba hukumu ya ubishi huo imo katika vitabu vya fizikia vinavyosomwa si mbali na hapo, wala haitoki nje ya madarasa. Morogoro si mji wenye njaa ya shule. Pale Kilakala ipo shule ya sekondari ya wasichana, iliyojulikana zamani kwa jina la Marian College, na ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa shule za vipaji maalumu. Mzumbe iko upande wa pili wa mji, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko chini ya milima ile ile. Hata hivyo mwendesha bodaboda na mwanafunzi wa fizikia hupishana kila asubuhi bila mmoja kumfaa mwenzake.

Mahali panapofaa kuutazamia ubishi huu ni katika mbio za magari, kwa sababu huko kosa la hesabu huonekana kwenye saa. Tena mbio hizo si jambo geni kwa Morogoro. Mwaka 1953, yalipofanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyoitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, Morogoro ilikuwa miongoni mwa miji ambako magari yalianzia safari ya kwenda Nairobi. Magari ya wakati ule yalikuwa ya kawaida, ya kununuliwa dukani, na yaliwekwa katika madaraja kwa kufuata bei. Baadaye mashindano hayo yakawa Safari Rally, yakajulikana duniani kote. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, aliyashinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiendesha Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Mshindi na mshindwa wote walikabiliwa na swali lile lile la kijiweni: je, yafaa kufunga tairi nene, zito, lisilotobolewa kwa urahisi na mawe, au tairi jepesi linaloiacha injini ipumue?

Kwanza hesabu yenyewe. Haihitaji zaidi ya kanuni ya nishati ya mwendo, ambayo mwanafunzi huipata katika vidato vya mwanzo: nusu ya tungamo mara mraba wa kasi.

Ichukuliwe kilo moja ya mchanga, iwekwe juu ya kiti cha gari. Gari likienda mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa, nishati ya mwendo ya mchanga huo ni nusu ya 1 mara 400, sawa na jouli 200. Sasa mchanga huo uondolewe kitini, na badala yake iongezwe kilo moja ya mpira kwenye uso wa tairi, ikiwa imeenea sawasawa kuuzunguka. Kilo hii nayo husafiri pamoja na gari kwa mita 20 kwa sekunde, hivyo jouli 200 ziko pale pale. Lakini kilo hii ina kazi ya pili, maana wakati inasafiri, inauzunguka pia mhimili. Tairi lisiloteleza huzunguka kwa namna ambayo uso wake unapita kandokando ya mhimili kwa kasi ile ile ya gari, mita 20 kwa sekunde. Kwa mzunguko huo zinahitajika jouli nyingine 200. Jumla ni 400. Injini iliyolipa jouli 200 kwa ajili ya mchanga hulipa jouli 400 kwa ajili ya mpira, na mizani ya dukani isingeonyesha tofauti yoyote kati ya kilo hizo mbili.

Mwanafunzi mwenye shaka, na mwanafunzi mwema huwa na shaka, aitazame chembe moja moja ya uso wa tairi. Chembe iliyo chini kabisa, inayogusa ardhi, kwa wakati huo mfupi imesimama, kwa kuwa haitelezi. Chembe iliyo juu kabisa inakwenda mbele kwa mita 40 kwa sekunde. Wastani wa 0 na 40 ni 20, kasi ya gari, na hapo ndipo wengi huishia wakidhani kwamba hakuna kilichoongezeka. Lakini nishati hufuata mraba wa kasi. Mraba wa 0 ni 0, mraba wa 40 ni 1,600, na wastani wake ni 800, mara mbili ya 400. Chembe iliyo mbele kabisa ya tairi nayo ina mwendo wa 20 kwenda mbele na wa 20 kwenda chini. Kwa kanuni ya Pithagora mraba wa kasi yake ni 800 vilevile. Chembe ya nyuma kabisa, iliyo njiani kupanda, ni hivyo hivyo. Ukweli huu mzuri hutokea bila kuhitaji hata neno moja la kidato cha tano.

Yafaa kusisitiza neno hilo, kwa sababu ndipo lilipo lalamiko la makala haya. Kwa miaka mingi habari za mzunguko wa vitu vigumu zimengojea kidato cha tano, kana kwamba magurudumu huanza kuzunguka baada ya mtihani wa kidato cha nne. Wanafunzi walio wengi hawafiki huko. Wanatoka shuleni wakijua kukokotoa mchapuko wa kijigari cha maabara chenye vigurudumu ambavyo kitabu husema uzito wao haufikiriwi. Ila katika maisha yao yote watakayoshughulika nayo ni magurudumu ambayo uzito wao hufikiriwa sana: ya baiskeli, ya mkokoteni, ya pikipiki, ya daladala. Mwalimu anayengoja mpaka kanuni ya inesha iandikwe ubaoni kwa ukamilifu wake anangoja bure.

Lugha nayo ina mkono wake katika jambo hili. Ubishi wa kijiweni hufanyika kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha ufasaha wa fundi, chenye kashata za tairi, ringi, spoku, shokapu na kipara. Somo la darasani hufanyika kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyeshinda karakana ya mjomba wake likizo nzima huingia darasani kama mtu asiyewahi kuona gurudumu.

Turudi kwenye mbio. Hesabu ya kilo mbili-kwa-moja inahusu mpira ulio juu ya uso wa tairi. Kuta za tairi ziko karibu zaidi na mhimili, ringi iko karibu zaidi, na kitovu chake karibu kabisa; kila sehemu huongeza deni kwa mraba wa umbali wake kutoka mhimilini. Kwa hiyo gurudumu zima la gari, ringi na tairi pamoja, lenye uzito wa kilo 20, huhesabika wakati wa kuongeza kasi kama kilo 32 hivi. Lakini nyongeza inayowekwa kwa ajili ya kuzuia mawe, yaani mpira mnene na nyuzi za ziada chini ya kashata, huwekwa pale pale ambapo deni ni kubwa kuliko kote.

Na itazamwe gari la mbio la kilo 1,200 ambalo kila tairi lake limeongezwa kilo 2. Mizani itasoma kilo 1,208. Injini itaona kilo 1,216, yaani ongezeko la asilimia 1.3 kwa kila mara gari linapotoka kwenye kona. Kama gari hilo hapo awali lilitumia sekunde 4 kutoka kilometa 40 kwa saa hadi 100, sasa litatumia sekunde 4.05. Hapo mwanafunzi hodari atajibu haraka kwamba kila kona imegharimu sekunde 0.05. Asiharakishe. Gari zito linapoifikia kilometa 100 kwa saa huwa limetumia muda mrefu zaidi, lakini katika muda huo limesonga mbele pia. Ikihesabiwa kwa umbali, gari jepesi likiwa limekwisha kufikia kasi hiyo na kuendelea nayo, hasara halisi kwenye saa ni sekunde 0.016 tu kwa kila kona. Ni kiasi ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona. Katika mbio zenye kona 1,000 ni sekunde 16.

Sekunde 16 si kidogo. Mashindano ya dunia yamewahi kuamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Lakini sasa liwekwe jiwe moja lenye ncha katikati ya barabara. Dereva na msaidizi wake wakipata pancha katikati ya kipande cha mashindano, wakasimama, wakashuka, wakainua gari, wakabadilisha gurudumu na kufunga tena mikanda, wamepoteza dakika mbili hivi, hata wakiwa mabingwa. Dakika mbili ni sekunde 120. Gawa kwa 16: tairi zito hulipa gharama yake hata kama linaokoa pancha moja tu katika mbio saba. Katika barabara za Afrika Mashariki biashara hiyo haina hasara. Mwaka 1968 magari 93 yaliondoka kushindana katika Safari, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7. Mshindi, Nick Nowicki katika Peugeot 404, alikuwa mmoja wa hao saba waliobaki. Kwa mwaka kama huo kusema juu ya sehemu ya mia ya sekunde ni mzaha.

Ndiyo maana kwa miaka mingi timu kubwa ziliingiza ndani ya matairi yao duara la povu gumu, ili tairi likitobolewa liendelee kubeba gari bila upepo. Povu hilo lilikuwa uzito mtupu, tena uzito wa mahali pabaya, na wahandisi walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Walikubali kulipa. Liliendelea kutumika mpaka kanuni za mashindano ya dunia zilipolipiga marufuku mwaka 2008. Na waendesha baiskeli wengi wa nchi hii, ambao hawajapata kusikia habari za povu hilo, hukata ukanda wa tairi kuukuu na kuutandika ndani ya tairi jipya ili miiba isiufikie mpira wa ndani. Ni uamuzi ule ule, umefanywa kwa akili ile ile. Mtu mwenye elimu anayewacheka kwamba wanajiongezea uzito bure hajaimaliza hesabu.

Kwa hiyo asemaye kwamba kilo ni kilo amekosea katika kuongeza kasi. Lakini ana haki yake mahali pengine, nako ni mlimani. Anayepanda kwa mwendo usiobadilika hulipa kwa ajili ya kimo, si kwa ajili ya mzunguko. Kilo moja ikiinuliwa mita 50 huhitaji jouli 500 hivi, na uvutano wa dunia hauulizi kama kilo hiyo imo kwenye tairi, kwenye keria au mfukoni mwa abiria. Katika kupanda taratibu kuelekea Kilakala, kilo ya tairi ni kilo moja kamili, haizidi. Wanaosema kwamba tairi zito huumiza maradufu mlimani wamechanganya vitu viwili: kupanda, na kukanyaga pedali kwa nguvu kila baada ya shimo ili kuirudisha kasi iliyopotea. Kinachoumiza maradufu ni lile shimo.

Naye asemaye kwamba tairi zito hujivuta lenyewe? Ni kweli kwamba gurudumu linalozunguka lina akiba ya nishati, na kwamba mtu akiacha kukanyaga, baiskeli yenye magurudumu mazito huenda mbali kidogo zaidi kabla ya kupungua kasi. Lakini akiba hiyo ni fedha aliyoiweka mwenyewe. Gurudumu halikuongeza hata senti. Katika barabara ndefu iliyonyooka, kama sehemu nyingi za ile iendayo Dodoma, akiba hukaa tu na hasara ni ndogo mno. Katika barabara ya kona, dereva hulazimika kuitoa akiba yote kwenye breki kabla ya kila kona na kuiweka upya baada yake. Jouli 400 za ile kilo moja hugeuka joto katika diski za breki, mahali ambapo mchanga wa kitini ungetoa 200. Mbio za magari ni kona baada ya kona, na hivyo nadharia ya kujivuta hufia pale pale ilikozaliwa.

Kuna jambo jingine ambalo kwa mbio za barabara mbovu huenda ndilo kubwa kuliko yote yaliyotajwa, na ambalo vitabu vya shule havina hata mstari mmoja juu yake. Kila siku akina mama hushuka kutoka Uluguru kwenda soko la Morogoro wakiwa na vikapu vya ndizi na mboga kichwani. Njia ni ya mawe na mizizi, mguu unapanda na kushuka, lakini kikapu kinakwenda kama kinachoelea. Magoti na nyonga hufanya kazi ya springi. Mguu huifuata ardhi ili kichwa kisiifuate. Sasa mama huyo avalishwe viatu vizito vya shamba vilivyojaa tope. Mguu ulioinuliwa na jiwe utachelewa kurudi chini, na kabla haujarudi hana pa kuegemea.

Gari ni hivyo hivyo. Kilichoko juu ya springi, yaani bodi, injini na watu, ni kikapu. Gurudumu ni mguu. Uzito ulio juu ya springi huzisaidia springi zilaze tairi barabarani. Uzito ulio chini yake hupingana nazo. Tairi zito likirushwa na jiwe huchelewa kurudi, na kwa muda wote lililomo hewani halina breki, halina usukani, halina mvuto wa injini. Katika barabara ya changarawe iliyofanya mikunjo kama bati, tairi huweza kuwa linaruka toka mkunjo hadi mkunjo, na dereva akadhani ameishika barabara kumbe ameishika robo yake. Hasara hii haiwezi kukokotolewa kwa mistari mitatu kama ile ya kona. Inategemea springi, shokapu, upepo wa tairi na umbo la mikunjo yenyewe. Lakini ndiyo inayowafanya wahandisi wapunguze gramu kwenye ringi na breki wakati tairi lenyewe wameliacha liwe zito.

Tope nalo lisisahauliwe. Kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, katika msimu wa masika, na udongo mweusi wa mbuga ulijaa ndani ya ringi ukaganda. Uzito wake si shida pekee. Shida kubwa ni kwamba haugandi sawasawa. Gramu 50 tu za tope kavu, zilizoshikilia ndani ya ringi sentimita 20 kutoka mhimilini, gari linapokwenda mita 30 kwa sekunde na tairi lina nusu-kipenyo cha sentimita 30, huvuta mhimili kwa kani ya niutoni 100. Ni kama mtu anauning'iniza mzigo wa kilo 10 kwenye gurudumu, akiuhamisha juu, mbele, chini na nyuma, mara 16 kwa kila sekunde. Dereva huhisi usukani unatetemeka na kudhani kuna kitu kimevunjika. Fundi hupiga ringi kwa nyundo, tope linadondoka, gari limepona.

Hata wenye barabara laini kama kioo hawakuepuka jambo hili. Mwaka 2022 magari ya Formula One yalihamia ringi kubwa zaidi, kutoka inchi 13 hadi inchi 18, na magurudumu yakawa mazito kuliko yale yaliyotangulia. Uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa wa gari zima ulipanda kutoka kilo 752 hadi kilo 798, na magurudumu hayo yalikuwa sehemu ya ongezeko hilo. Madereva walilalamika kwamba magari yamekuwa mazito.

Inaweza kuulizwa, na wazazi wengine huuliza, kwa nini shule ya wasichana ijishughulishe na mbio za magari. Michèle Mouton wa Ufaransa alimaliza wa tatu katika Safari ya mwaka 1983 akiendesha Audi, na huenda jibu hilo linatosha. Ila hata kama hapangekuwa na mwanamke hata mmoja katika mbio, gurudumu ni la kila mtu.

Jaribio lenyewe ni rahisi kuliko mengi yanayofanywa kwa vifaa vya kununua. Baiskeli igeuzwe magurudumu juu, iwekwe imara kwenye meza. Gurudumu la mbele, lenye bolberingi zilizopakwa grisi, lizungushiwe uzi kwenye tairi, na mwisho wa uzi huo ufungwe jiwe la gramu 100. Jiwe liachwe lianguke mita moja, na muda upimwe kwa saa ya simu. Ikiwa ringi, tairi na mpira wa ndani vina uzito wa kilo 1.5 hivi, hesabu yataka sekunde 1.8. Kisha ichukuliwe kilo moja ya waya wa kufungia nondo, izungushwe sawasawa kwenye spoku karibu kabisa na ringi, na jiwe liachwe tena. Sasa hesabu yataka sekunde 2.3. Tofauti ya nusu sekunde huonekana hata kwa mtu aliyeketi nyuma ya darasa. Halafu waya ule ule, kilo ile ile, ufunguliwe na kuzungushwa kwenye spoku karibu kabisa na mhimili. Jiwe litaanguka kwa sekunde 1.8 kama mwanzo, au kwa kuzidi kidogo sana. Msuguano utaongeza chochote katika vipimo vyote vitatu, na wanafunzi waachwe waseme kwa nini. Vidole viwekwe mbali na spoku.

Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa macho yake, kwamba mizani haikubadilika na saa ikabadilika, hatahitaji kubembelezwa aikubali kanuni ya inesha siku itakapofika. Na kama yupo mwendesha bodaboda aliyealikwa kusimama mlangoni akitazama, itakuwa bora zaidi, maana ataondoka na la kusema kijiweni.

Mwalimu atakayetaka swali la kufungia kipindi asihangaike kulitunga. Tangu Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, ikifanyika kwenye barabara za Naivasha nchini Kenya, kila timu huamua asubuhi kama ibebe gurudumu moja la akiba au mawili. Gurudumu la kilo 20 likiwa kwenye buti huhesabika kilo 20. Likifungwa mahali pa lililopasuka, huhesabika 32. Je, baada ya kubadilisha gurudumu njiani, injini ina mzigo mkubwa kuliko kabla ya pancha? Wengi watajibu ndiyo. Wataje basi ni wapi lilikowekwa lile lililopasuka, na ni kiasi gani cha mpira wake kilichobaki barabarani.